Jeshi la Makoti

Gunia la katani likichomwa na jua mchana kutwa hutoa harufu yake, ya vumbi na mafuta na nafaka iliyokwisha kuliwa zamani. Wajukuu wangu hawaijui, maana siku hizi kila kitu kinatiwa kwenye viroba vya plastiki. Juzi nilipita kwa jirani aliyekuwa ameanika magunia makuukuu juu ya ua, na kabla sijamaliza kumsalimu nikahisi taya zangu zinakaza. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina hasira. Akacheka, akidhani namtania. Hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko watoto wangu wote, na haijapungua hata chembe.

Magunia ya aina hiyo ndiyo yaliyoziba madirisha ya ghala la ushirika pale Karatu, mwaka ule sinema ilipokuja. Wenzangu wa rika langu mtaukumbuka wakati huo. Vita vilikuwa vimekwisha lakini sabuni haikuwa imerudi madukani. Tulivaa nguo kuukuu kutoka ng'ambo, zile tulizoziita kafa ulaya kwa kuamini kwamba wenyewe walishakufa huko. Makoti yake yalikuwa mazito na marefu, na kwetu yalifaa kweli, kwa sababu ukungu wa mlima Oldeani ukishuka mwezi wa sita hata mbuzi hutetemeka. Ghala lilikuwa tupu. Mtu mmoja akaja kutoka Arusha na Landrova, jenereta na mashine ya sinema, akaomba alitumie siku ya mnada. Madirisha yakazibwa, ikawa giza saa nane mchana, tukajazana humo wakubwa kwa wadogo, harufu ya magunia ikitukaba koo.

Sinema yenyewe, nikiikumbuka kwa akili ya sasa, ilikuwa hafifu kabisa. Picha ilikuwa na mikwaruzo kama mvua inanyesha, na utepe ulipokatika watu walipiga miluzi mpaka uungwe. Jiji lilikuwa la Wazungu, chafu, limejaa majambazi, lakini kichochoro kilichoonyeshwa kilikuwa kimoja tu, kikirudiwarudiwa, chenye pipa la taka lililobonyea ubavuni. Mwanamume mmoja mwenye koti la kahawia aliuliwa mke wake ngazini, mkate ukiwa bado mkononi mwa marehemu. Polisi wakaja, wakaandika, wakaondoka. Basi yule mwanamume akatafuta bastola, akawa anazunguka jijini akiwaua majambazi mmoja baada ya mwingine. Hadithi yote ndiyo hiyo.

Nilikuwa darasa la nne na niliamini kila nilichokiona. Niliamini lile jiji liko mbele kidogo ya Arusha, na kwamba waliokufa wamekufa kweli. Jambazi mmoja mwenye pengo alipigwa risasi kichochoroni, kisha baadaye nikamwona amerudi na kofia nyingine, anauawa tena dukani. Leo najua kwamba watengenezaji walikosa mtu wa pili. Siku ile nilimnong'oneza mama kwamba watu wabaya hawafi mara moja, inabidi wauawe tena. Mama akanifinya. Ila kilichoniingia zaidi ni muziki. Kila mtu mbaya alipotokea, hata kabla hajafanya lolote, ngoma nzito ilianza kupiga chinichini. Nikajua kwamba hivyo ndivyo mtu mbaya anavyotambulikana. Kwa siku nyingi baadaye nilikuwa nakaa kizingitini nikitega sikio watu wakipita, nisikie ni nani anayepigiwa ngoma.

Kwa kuwa wengi hatukujua Kiingereza, palikuwa na mkalimani. Alikuwa kijana wa pale pale aitwaye Faustini, aliyewahi kuhudumu katika hoteli moja juu kule kreta ya Ngorongoro akaokota Kiingereza cha watalii. Alisimama kando ya shuka jeupe akatafsiri kwa sauti kuu, akirusha mikono. Yule wa koti alipomwua jambazi wa kwanza, Faustini akasema, "Anasema, mwizi hana mama!" Ghala zima likalipuka kwa shangwe. Aliyefuata alipouawa akalisema tena, na tena, mpaka sisi watoto tukawa tunalisema pamoja naye. Nimekuja kujifunza Kiingereza baadaye, nimekifundisha hata, na sidhani kama kuna mtu katika filamu ile aliyetamka neno hilo. Faustini alilitunga mwenyewe. Aliona watu wanashangilia, akawapa walichokipenda.

Siku hizo za mnada nyumbani kwetu alikuwa akifikia mgeni. Aliitwa Lemburis, mfugaji wa Kimasai kutoka upande wa Endulen, ndani ya Ngorongoro, ambako kulima kulikuwa kumepigwa marufuku, kwa hiyo unga wao ulitoka kwetu. Alishuka na punda wake, akauza mbuzi au mtamba, akasaga mahindi kwenye mashine aliyokuwa akiiendesha baba, akalala kwetu, kesho yake akapanda mlima. Urafiki wake na baba ulianza kabla sijazaliwa, na sikuwahi kuambiwa ulianzaje. Baba, Mwiraqw wa kuzaliwa Endamarariek, alimwita olchore, ambalo ni rafiki kwa Kimasai. Mimi Lemburis aliniita Naserian, yaani mwenye amani. Nilimkimbilia nimeinamisha kichwa, kama watoto wa Kimasai wanavyosalimu wakubwa, naye akaniwekea kiganja utosini, kiganja kilichonukia moshi na maziwa. Mama alimsalimu kwa Kimasai cha kubahatisha, yeye akajibu kwa Kiiraqw kibovu zaidi, wote wawili wakacheka. Nilimtegea sikio naye pia, kwa uaminifu wa mtoto. Sikusikia ngoma yoyote.

Haukupita muda Faustini na wenzake wakaanzisha jeshi. Nisiseme uongo, miaka ile wizi wa mifugo ulikuwapo, na vijiji vingi vilikuwa na vikundi vya ulinzi vilivyofanya kazi ya maana. Lakini hawa hawakutumwa na mkutano wowote. Walivaa makoti yao ya kafa ulaya hata jua likiwaka, wakasimamisha kola, wakatembea polepole mikono mifukoni kama yule wa kwenye sinema. Watu wakawaita Jeshi la Makoti. Kwanza waliwacheka, kisha wakawazoea, kisha wakaanza kuwakaribisha pombe. Wakubwa wetu waliona yote hayo. Nalisema hili kwa sababu baadaye kila mmoja alijifanya hakuona.

Ndipo ng'ombe wa Mzee Bura walipotoweka. Mzee Bura alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, na wakati huo alikuwa amekwenda msibani Mbulu. Mwanawe mkubwa alirudi nyumbani amelewa, akatazama zizi, akaona limepungua, akapiga yowe. Mama yake mzazi alikuwa ndani akipepeta maharage. Hakumuuliza. Jeshi la Makoti likafika, likazunguka zizi, likatoa hukumu kwamba Wamasai wamechukua, nalo halikumuuliza yule mama. Mpaka jioni mji mzima ulikuwa unajua nani mwizi, na hakuna aliyekuwa ameuliza swali hata moja.

Asubuhi ya mnada uliofuata nilifuatana na Lemburis, maana shule zilikuwa zimefungwa. Yeye aliswaga mitamba wake wawili, mimi nilishika kamba ya punda. Tulipofika kwenye uwanja, Faustini na wenzake wakatuzunguka. Faustini akamuuliza ng'ombe hao amewatoa wapi.

Lemburis alitabasamu. Vijana wale aliwafahamu, wengine aliwaona wakikua, na alidhani wanamtania. "Nyumbani," akasema.

"Nyumbani kwa nani?"

"Nyumbani kwangu mimi."

Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno likija baada ya kutafutwa, nao wakasema anababaika. Akainama ili awaonyeshe masikio ya mtamba, jinsi yalivyokatwa alama ya ukoo wake. Hapo Karatu, mahali ambapo hata mtoto wa kunyonya anajua kusoma sikio la ng'ombe, hakuna aliyetazama. Mmoja akasema huyu anaficha uso. Mwingine nyuma akapaza sauti kwamba mwizi hana mama, na fimbo ya kwanza ikashuka.

Nilisimama na ile kamba mkononi nikisubiri ngoma. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Niliona mtu anapigwa, nikajua kwa hiyo lazima awe mtu mbaya, na sikuelewa kwa nini ngoma hailii. Nilichosikia ni fimbo. Fimbo ikimpata mtu mfupani hutoa mlio mdogo, mkavu, kama kuni zinavyovunjwa gotini, na sinema haikuwa imetuambia hilo. Nilisikia pia muuza vitunguu akiendelea kuita wateja. Lemburis hakutukana wala hakutisha mtu. Aliita jina la baba. Kisha, alipoanguka, akaanza kusema yeyo, yeyo, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Yeyo ni mama. Wale waliokuwa wanaimba kwamba hana mama hawakujua kwamba alikuwa anamwita.

Niliachia kamba nikakimbilia kwenye mashine. Sijui nilimwambia baba nini, ila nakumbuka alizima injini, na kimya kikaanguka juu ya mji, maana mlio wa mashine ile ulikuwa haunyamazi siku ya mnada. Alikimbia mweupe kwa unga toka nywele hadi viatu. Alipofika hakusukuma mtu wala hakugombana. Alijitupa juu ya Lemburis, akalala juu yake, akamfunika. Walimpiga naye pia kabla hawajatambua ni nani, na jino lake moja la upande likabaki pale uwanjani. Walipomtambua wakasita, na kusita huko ndiko kulikomwokoa Lemburis.

Watu walikuwapo wengi, na hilo ndilo linalonichoma. Alikuwapo mwalimu wangu wa hesabu, ameshika kabichi. Walikuwapo wazee waliokaa viti vya mbele kanisani. Walikuwapo waliokula nyama ya mbuzi wa Lemburis kila Pasaka na kila Krismasi. Walisogea nyuma kidogo ili wasirukiwe na vumbi.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa pikapu ya kubeba ngano. Mkono wake wa kulia ulikuja kuunga umepinda, na jicho la kushoto halikuona tena.

Mzee Bura aliporudi kutoka msibani akakuta watu wamejaa kwake wakimpa pole ya ng'ombe, akashangaa. Ng'ombe hawakuibwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewapeleka Endamarariek kwa rafiki yake wakae huko, kama wazee wetu wanavyofanya tangu zamani, maana mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote katika zizi moja. Mkewe alijua. Ndiye aliyewatoa zizini kwa mkono wake. Watu walipomgeukia kumuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu, "Mngeniuliza. Nilikuwa hapa hapa ndani."

Baada ya hapo hofu ikaingia mjini. Kila mtu alijua Lemburis ana vijana. Makoti yakaonekana yametundikwa kwenye nyua za nyumba, yamelegea, wenyewe wamejifungia. Na kweli vijana wakaja, mchana kweupe, mtoto wake mkubwa na wenzake wa rika, mikuki mkononi, wakanyoosha moja kwa moja hadi kwetu. Mama akawapa chai ya maziwa isiyo na sukari. Mimi, nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilijua sasa mwenye kisasi amefika, na kwamba kama ilivyokuwa kwenye sinema, watakufa wanaostahili kufa, na sisi tutapiga makofi.

Walikwenda hospitali pamoja na baba, nami nikiwa nyuma yake nimeshika koti lake. Yule kijana alipiga magoti kando ya kitanda akauliza jambo moja tu, na aliliuliza tena na tena. Alitaka jina. Lemburis, amefungwa bendeji nusu ya uso, alikuwa akitikisa kichwa. Mwishowe alisema maneno machache kwa Kimasai, na kijana akainuka akatoka nje, akachoma mkuki wake ardhini akalia. Nilipomwuliza baba, aliniambia Lemburis alisema hivi: "Nikikupa jina utakwenda nyumbani kwake, utamkuta mdogo wake mlangoni, utamwua huyo. Kisha wao watapanda mlimani watamkuta mtoto wako."

Walirudi Endulen bila kugusa mtu. Na sasa sikilizeni watu wangu walivyofanya. Walishukuru Mungu, kisha wakasema Lemburis amesamehe. Likasemwa kanisani, likafanyiwa mahubiri, likawa hadithi nzuri. Katekista mmoja alifika mpaka kitandani kumuuliza, ili apate kuhakikisha, kama amewasamehe vijana. Lemburis aliutazama mkono wake uliofungwa, akasema, "Uulize huu." Katekista akaondoka akaendelea kuhubiri kwamba amesamehe. Mtu amekataa kuua, basi wakaona hana dai.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaenda zao. Hakuna aliyeshtakiwa. Kikaitishwa kikao cha wazee, mwenyekiti akasema vijana walighafilika, damu zilikuwa za moto, yaliyopita yamepita, akachinjwa mbuzi wa kupatanisha. Baba alikubali. Mashine haikuwa yake, na wenye mashine walishamdokeza kwamba mtu mgomvi hafai kukaa na wateja. Alikula kipande kimoja cha nyama, akitafuna upande usio na pengo. Mama hakula. Alikaa na mikono mapajani mpaka kikao kikaisha, na alipoulizwa kama ana neno alisema hana neno la kusemea juu ya nyama.

Faustini amekuwa mtu mkubwa tangu hapo. Alijenga, akasomesha, akapewa nafasi kanisani, na kwenye misiba ndiye anayesimama kutoa nasaha. Mtu akiigusa habari ile, husema kwa huzuni kwamba zilikuwa zama za ujinga, na kwamba sinema zile za kigeni ziliwaharibu. Nimewahi kumsikia kwa masikio yangu. Filamu ile ilikuwa takataka, sina haja ya kuitetea. Lakini haikushika fimbo. Yule mzungu wa koti hakujua kama Karatu ipo. Fimbo zilikatwa kwenye miti yetu na watu wenye majina, na walisimama watazamaji wenye majina, nami nawajua.

Lemburis alitoka hospitali siku ya mnada. Vijana wake walikuwa wamemletea punda, wanamsubiri juu kwenye barabara ya lango la Ngorongoro. Baba alipendekeza tupite njia ya nyuma, ile ya mashambani, ili asije akatazamwa na watu akadhalilika. Mama alikuwa anajifunga kanga yake ya pili. Akasema, "Mwenye kudhalilika si yeye," akatoka mbele, na sote tukamfuata.

Tulipita katikati ya uwanja. Lemburis alitembea taratibu, mkono umefungwa kifuani, akigeuza kichwa chote kutazama upande wa jicho lililokufa. Watu wakaanza kutafuta kazi za kufanya na mikono yao. Mama akasimama mbele ya muuza vitunguu, akamwambia amsalimie mgeni wake. Yule mwanamke akasema, "Hujambo mzee." Mama akamwambia amsalimie kwa jina. Muuza vitunguu akaanza kupanga upya mafungu yake. Mama akaenda kwa mwalimu wangu, akamwambia hivyo hivyo. Mwalimu akatoa shikamoo ya heshima kabisa, kisha akakwama. Mama akaenda kwa mchinjaji aliyekuwa akinunua mbuzi wa Lemburis tangu sijazaliwa, naye akabahatisha jina ambalo halikuwa lake. Mmoja akasema mzee wa Endulen, mwingine akasema yule Mmasai wa punda. Nilikuwa nimeshika kanga ya mama, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Hakuwatukana. Aliwangoja tu, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja akatazama chini.

Faustini alikuwa ameketi kwenye benchi la mgahawa wa chai, ndani ya shati jepesi, bila koti. Alipotuona hakuwa na pa kukimbilia. Akasimama, akamwamkia mama shikamoo. Mama hakuitikia.

"Huyu ni nani?" akamuuliza.

"Mama, yale si yalikwisha? Kikao kilikaa."

"Sijauliza habari za kikao. Nimekuuliza jina lake."

Faustini alimtazama Lemburis kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu azaliwe. Alitazama bendeji, akatazama mkono. Midomo yake ilisogea. Nilikuwa mtoto, lakini niliona wazi kwamba hakuwa anaficha kitu wala kufanya kiburi. Alikuwa anatafuta, na hakukuwa na kitu cha kupata.

Lemburis akamgusa mama begani kwa mkono wake mzima. "Twende, shemeji," akasema. "Mimi lake nalijua." Kisha akamgeukia yule kijana, na kwa Kiswahili chake cha polepole akalitamka lile jina ambalo mwanawe alilililia kando ya kitanda asipewe.

"Faustini."

"Naam," akaitika Faustini, upesi, kama mtoto aliyeitwa na mzazi wake. Akabaki amesimama akingoja, lakini Lemburis hakuwa na la kumwambia.